Spika za Kompyuta Zinaponguruma: Kelele Hutoka Wapi?

Mada yangu si ya ushairi wala si ya ngeli, na najua wapo watakaouliza, "Sasa mambo ya stima yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Subirini kidogo. Yaliyonifanya nishike kalamu yalitokea katika chama hikihiki.

Mwaka jana, muhula wa pili, tulikuwa tukijitayarisha kwa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai tangu mwaka wa 2022. Tuliagana kwamba kila mwanachama akawarekodi wazee wa kwao kwa simu: ngano, vitendawili, methali na nyimbo. Fasihi simulizi si ya kusoma kitabuni pekee, au sivyo? Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili akaleta sauti ya kukhu yake akisimulia ngano kwa Kiswahili kilichochanganyika na Lwisukha. Kukhu huyo alikuwa ameaga dunia mwezi wa Aprili. Nyumbani kwao hakukuwa na sauti yake nyingine yoyote.

Siku ya mazoezi tukaingia katika chumba cha kompyuta, tukaihamisha sauti ile kutoka kwa simu, tukawasha amplifaya ya shule na spika zake mbili. Loo! Badala ya kukhu tulisikia "mmmmmmm" kama nyuki elfu ndani ya debe. Sauti ya ajuza ilikuwa mbali, kama mtu anayeongea akiwa ng'ambo ya mto. Mwenzetu aliinuka akatoka nje bila kusema neno. Alidhani rekodi imeharibika. Wengine walisema ni virusi. Mwingine, ambaye hujifanya anajua kila kitu, akasema spika zimekufa, zinunuliwe nyingine. Kwa pesa zipi? Sanduku la chama lilikuwa na sarafu za kuhesabika.

Mwalimu wetu wa fizikia alipopita akasikia mngurumo, hakugusa chochote. Aliuliza tu, "Kelele hiyo imo katika rekodi au imo katika vyombo?" Hakuna aliyejibu. Basi akachukua iafoni, akazichomeka kwenye simu iliyorekodi, akamwita yule mwenzetu, akampa asikilize. Kukhu alikuwa akisimulia vizuri kabisa, na hata jogoo wa uani alisikika. Kumbe rekodi ilikuwa nzima! Mchafuzi alikuwa katika chumba chetu.

Hilo ndilo swali la kwanza kwa yeyote anayesumbuliwa na spika. Usianze kufungua parafujo. Cheza sauti ileile kwa chombo kingine. Ikiwa safi huko, jua kwamba unalotafuta limo katika vyombo vyako, nalo linaweza kupatikana.

Kabla hatujaendelea, tuone spika ni kitu gani. Ndani yake mna sumaku, na katikati ya sumaku mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Koili imegandishwa kwenye karatasi ngumu yenye umbo la faneli. Mkondo wa umeme ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma na sumaku, karatasi nayo hutikisika na kutikisa hewa, nasi twasikia sauti. Spika ya namna hii ilielezwa na wahandisi wawili wa Marekani, Rice na Kellogg, mwaka wa 1925, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana. Sasa hapa pana jambo la kuzingatia. Mkondo unaotoka kwenye kompyuta ni mdogo mno, kwa hivyo amplifaya huukuza. Lakini amplifaya haina akili. Haijui hii ni sauti ya kukhu na huu ni uchafu wa stima. Inachopewa inakikuza. Kwa hivyo uchafu kidogo sana ulioingia kwenye waya kabla ya amplifaya hutoka upande wa pili ukiwa mngurumo mkubwa.

Ndiyo maana mwalimu alitufundisha kutafuta kwa kuondoa kitu kimoja baada ya kingine. Kimoja tu, halafu usikilize. Ukiondoa vitu vitatu kwa pamoja na kelele ikome, utajuaje kati ya hivyo vitatu mwizi ni nani? Tulianza kwa kuchomoa waya wa sauti nyuma ya kompyuta. Kelele ikiendelea, basi inatoka katika amplifaya yenyewe, au katika waya ule unaoning'inia. Kelele ikikoma, inatoka katika kompyuta au katika namna viwili hivyo vilivyounganishwa. Yetu ilikoma mara moja. Tukarudisha waya, ikarudi. Tukapunguza sauti katika kompyuta mpaka sifuri, na mngurumo haukupungua hata kidogo. Kumbe haukuwa unatoka katika programu wala katika rekodi. Ulikuwa unapita katika waya wenyewe.

Sasa sikiliza ule mngurumo vizuri. Stima ya Kenya ni ya volti 240, na haitembei upande mmoja kama ya betri. Huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Kitu kinachotikisika mara 50 kwa sekunde hutoa sauti nzito ya chini, ile "mmmm" yetu. Kwa hivyo ukisikia "mmmm", stima ya ukutani imepata njia ya kuingia kwenye waya wa sauti. Njia zenyewe ni nyingi, lakini iliyotupata sisi ndiyo inayowapata wengi, nami nitaieleza polepole kwa sababu hata mimi ilinichukua siku mbili kuielewa.

Kompyuta yetu ilichomekwa kwenye soketi ya ukuta wa dirishani. Amplifaya ilichomekwa ukuta wa pili, karibu na mlango. Kila plagi ya meno matatu ina jino moja refu la ethi, ambalo huunganisha chuma cha nje cha chombo na ardhi. Vyombo vyetu vyote viwili vilikuwa na ethi, na hilo ni jambo jema. Lakini ethi ya ukuta huu na ethi ya ukuta ule hazikuwa sawasawa kabisa. Fikiria matangi mawili ya maji, moja limeinuliwa kidogo kuliko lingine. Yakikaa mbalimbali hakuna taabu. Ukiyaunganisha kwa mpira chini, maji yataanza kupita katika mpira kutoka tangi la juu kwenda la chini. Waya wetu wa sauti ndio uliokuwa mpira. Mbali na kubeba sauti ya kukhu, ulikuwa ukibeba mkondo mdogo kutoka ethi hii kwenda ethi ile. Na kwa kuwa stima huenda na kurudi, "matangi" hayo hayatulii hata siku moja, yanapandishana na kushushana mara 50 kwa sekunde. Amplifaya ikaukuza mchezo huo wote.

Dawa yake ilitushangaza kwa urahisi. Tulichomoa plagi zote mbili tukazichomeka katika eksitensheni moja, yenye ethi, kwenye soketi moja. Basi! Mngurumo ulipungua mpaka ikabidi uweke sikio karibu na spika ndipo uusikie. Angalia tu usiweke birika la stima au pasi kwenye eksitensheni hiyohiyo, maana fyuzi ya plagi zetu kubwa kabisa ni ya ampea 13, na waya uliobebeshwa mzigo mwingi hupata moto. Pia tuliusogeza waya wa sauti mbali na nyaya za stima, maana nyaya zikilala sambamba, ule wa stima huutia wa sauti ugonjwa wake kwa nguvu za sumaku, jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka wa 1831. Kama ni lazima zikutane, zipishane kama njia panda.

Mahali ambapo vyombo haviwezi kukaa karibu, kwa mfano ukumbini, kuna kijisanduku cha transfoma kinachowekwa katika waya wa sauti. Ndani yake mna koili mbili zisizogusana. Sauti huruka kutoka koili moja hadi nyingine kwa sumaku, lakini ule mkondo wa ethi hauna pa kupitia. Hata Bluetooth husaidia, kwa sababu waya wenyewe haupo.

Sasa naomba unisikilize kwa makini hapa, maana hapa pana maisha ya watu.

Tulipokuwa tukihangaika, kijana mmoja anayetengeneza redio sokoni alitupa ushauri: "Kateni waya wa ethi. Hiyo kelele itaisha saa hiyohiyo." Na ni kweli, itaisha. Ukikata ethi ya chombo kimoja, mzunguko wa yale matangi unavunjika na kimya kinaingia. Ndiyo sababu ushauri huu unapendwa sana. Lakini ethi haikuwekwa pale kwa ajili ya sauti. Iliwekwa ili siku waya wa moto ukilegea ndani na kugusa chuma cha nje, stima ikimbilie ardhini kwa nguvu, fyuzi ikatike, chombo kizime. Ukiwa umeikata, chuma kile kinabaki na volti 240 kikimngoja wa kwanza kukigusa. Na huyo ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini.

Nimeyaona kwa macho yangu. Kijijini kwetu jirani mmoja alikodi muziki wa matanga. Amplifaya ilikuwa na plagi iliyong'olewa jino la ethi, eti isingurume. Mvua ilikuwa imenyesha na watu walikuwa miguu mitupu kwenye matope. Kijana aliyeshika maikrofoni ya chuma akaanza kutetemeka, watu wakadhani anacheza. Hakuwa anacheza. Mkono ulikuwa umegandana na maikrofoni hauachi. Mama mmoja ndiye aliyepiga kelele, mtu akakimbia kuzima swichi. Kijana alipona, ila kiganja kiliungua na mpaka leo hataki kuona maikrofoni.

Kuna na tabia yetu nyingine, ile ya kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya meno mawili iingie. Nani hajafanya? Mimi nimefanya. Tundu hilo ni la ethi, nalo ndilo hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini yenye stima. Kwa hivyo ukiweka kalamu umefungua mlango wa hatari na umekiunganisha chombo bila ethi. Kitu kidogo kama chaja ya simu kimeundwa kufanya kazi bila ethi, nacho kinunuliwe adapta yake. Lakini kompyuta kubwa na amplifaya ya chuma, hapana. Na ukigusa chuma cha kompyuta ukahisi kama kinakuwashawasha vidoleni, usicheke na kuwaita wenzako waje waonje. Mara nyingi ni dalili kwamba ethi haipo. Zima ukutani, mwite mwalimu.

Tukiachana na "mmmm", kelele nyingine zina sauti zao. Ipo ile ya "ti-ti-ti, ti-ti-ti, dzzzz" inayotokea ghafla, halafu baada ya sekunde mbili simu ya mtu inalia. Hii wahenga waliijua waliposema kikulacho ki nguoni mwako, maana mchafuzi anakuwa mfukoni mwa mwenye kulalamika! Simu ikitumia mtandao wa 2G haitumi mawimbi kwa mfululizo. Simu nane hupokezana zamu katika njia moja ya mawimbi, kwa hivyo kila moja hutuma kwa vipande vipande, karibu mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe sikio haliyasikii kamwe, lakini kuwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde husikika sana. Waya wa spika huyanasa kama mlingoti wa redio, na amplifaya huyatafsiri kuwa "dzzzz". Husikika kabla ya simu kulia kwa sababu simu na mnara huanza kuzungumza kabla yako. Zile kabambe zetu ndizo hodari zaidi. Simu ya 4G haifanyi hivyo, isipokuwa ikiteremka kwenye 2G. Dawa ni kuisogeza simu mita moja au mbili, wala hakuna haja ya fundi.

Lakini wakati wa kurekodi jambo hili ni zito zaidi. Mlio ukiingia kwenye rekodi hautoki kwa kusogeza kitu. Katika rekodi ya mwanachama mwingine, babu alikuwa akitaja majina ya wazee wa ukoo, na majina mawili yamemezwa na "dzzzz" ya simu iliyokuwa juu ya meza. Ilibidi arudi kwa babu. Kwa bahati nzuri babu yupo. Anayerekodi na aiweke simu yake katika hali ya ndegeni, na za majirani zipelekwe chumba cha pili.

"Krr, krr, kwacha" ni uchafu au waya uliokatika. Vumbi la barabara za hapa mwalijua. Likiingia katika kile kitufe cha kuzungusha sauti, kila ukizungusha kinakwaruza. Zima chombo, kizungushe huku na huku mara ishirini hivi, mara nyingi kinajisafisha. Kama mkwaruzo unatokea ukitikisa waya karibu na pini, basi nyuzi za ndani zimekatika hapo. Mwanafunzi anayechomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika pini ndiye mkosaji, na katika shule yetu tunamjua.

"Shhhh" kama mvua ya mbali haikosi katika amplifaya yoyote duniani. Mwaka wa 1928 Mmarekani aitwaye Johnson alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba joto lenyewe hutikisa chembe za umeme ndani ya waya na kuleta kelele hiyo. Hata ufanyeje haiishi, ila waweza kuizidi nguvu. Panua sauti ya kompyuta mpaka robo tatu hivi, halafu punguza ya amplifaya. Wengi hufanya kinyume: kompyuta chini, amplifaya juu, na hapo amplifaya inakuza "shhh" zaidi ya sauti. Funga pia maikrofoni katika mipangilio ya sauti kama huitumii.

Kama kelele ni "zzz-zz-z" inayobadilika unaposogeza kipanya, ni mambo ya ndani ya kompyuta. Jaribu tundu la nyuma badala ya lile la mbele. Kama ni ya kupakata, chomoa chaja kwanza itumie betri. Ikikoma, mkosaji ni chaja. Na "ng'ng'ng'" iliyo kali kidogo kuliko ile ya 50, ambayo haikomi hata waya wote wa sauti ukichomolewa, aghalabu ni kapasita zilizochoka ndani ya amplifaya. Stima ikigeuzwa kuwa ya upande mmoja hubaki na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita ndizo huyalainisha. Usifungue mwenyewe. Kapasita huweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Tulikuwa tumebakiwa na kasoro moja. Sauti ya kukhu ilikuwa safi, lakini tulipocheza nyimbo za Isukuti, spika ya kulia ilikuwa ikitetema "brrr" kila ngoma kubwa ilipopigwa. Mnajua ngoma yetu hii Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Basi haikufaa isikike kama bati bovu. Wimbo wenye sauti za juu tu ulikuwa salama. Tulipotoa kitambaa cha mbele tukakuta karatasi ya spika imechanika ukingoni, na ndani mmelala mende mkavu. Tulimtoa mende, tukabandika karatasi nyembamba kwa gundi, tukaiacha usiku kucha. Si kazi ya kujivunia mbele ya fundi, lakini "brrr" ilikwisha.

Neno moja la mwisho ni la hapa kwetu Khayega. Mvua zetu za alasiri huja na radi. Ukisikia "krach" katika spika wakati wingu limefunga, hilo si la kutafutiwa dawa. Zima, chomoa plagi ukutani, ondoka karibu na nyaya mpaka ngurumo zipite.

Tarehe 7 Julai kukhu alisikilizwa na shule nzima. Mwenzetu alikaa mstari wa mbele. Spika ya kushoto bado inakatikakatika ukigusa waya wake, na ni lazima pini ikatwe na kulehemiwa upya. Aliye na chuma cha kulehemu nyumbani na aje nacho Jumatano baada ya vipindi, katika chumba cha kompyuta. Risasi ya kulehemu tunayo.